Alama Alizonipa Mama

Tarehe 4 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini goti lako limetulia na Baba ameacha kubishana na daktari. Mimi mzima, mkono mzima, chakula cha kambini kinalika. Tunalala wanne chumba kimoja, na mdakaji wetu, yule anayepokea mipira yangu nyuma ya mpigaji, anakoroma mpaka vioo vya dirisha vinatikisika. Tunamwita Trekta.

Mama, nisikuzungushe. Jana toleo jipya la mchezo wenu wa kompyuta lilitoka. Hapa kila mchezaji anaucheza: unachagua timu, unapanga warushaji wako, unabonyeza, na mashine inakuchezea msimu mzima wa besiboli huku wewe unakunywa chai. Basi jioni watu wote walikuwa wameinamia simu, kila mmoja anajitafuta. Trekta alijikuta na sitini na nane, akaanza kutembea kama mwenye nyumba. Mimi nikajitafuta.

Arobaini na saba. Kati ya mia.

Na chini yake mmeandika: "Mrushaji wa kumalizia. Pumzi ndogo." Mimi, ambaye nimeanza mechi misimu miwili mfululizo. Walicheka mpaka mmoja akadondoka kitandani. Hawajui kwamba anayetoa alama za warushaji kwenye mchezo huo ndiye aliyenizaa, nami nimekaa kimya kama maji ya mtungini.

Niambie ni kosa la mashine, nijue la kuwajibu.

Mwanao

—

Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma ninapopanda ngazi tu, kwa hiyo sipandi. Baba yako hajambo. Amesoma barua yako mara mbili, akasema ugomvi huu haumhusu, akarudi kwenye friji ya mteja iliyokaa sebuleni kwetu tangu wiki iliyopita kama mgeni asiyejua kuaga.

Si kosa la mashine. Ni mimi.

Nikueleze, kwa sababu najua hujawahi kuniuliza kazi yangu inaendaje; umezoea kuwaambia watu kwamba Mama alikuwa mwalimu wa hisabati na sasa yuko nyumbani. Kwa kila mrushaji wa ligi naandika aina za mipira anayorusha, na kila aina naipa alama yake. Mpira wako wa kasi nimeupa themanini. Ni warushaji watatu tu ligi nzima wanaokushinda hapo. Ule unaokuja umenyooka halafu unakata pembeni ukishamfikia mpigaji, nimeupa sabini na mbili. Baada ya hapo hakuna kitu. Pameandikwa wazi: aina mbili.

Sasa mashine inachukua mipira hiyo miwili na kuuliza: mpigaji akikutana na kijana huyu mara ya kwanza, itakuwaje? Atahangaika. Mara ya pili ataanza kubahatisha, na mtu anayebahatisha kati ya vitu viwili hakosi sana. Mara ya tatu anakujua kama anavyojua kufuli ya mlango wake. Mrushaji wa kuanza lazima akutane na kila mpigaji mara tatu. Wa kumalizia anakutana naye mara moja, anarusha kwa nguvu zake zote, anakwenda kuoga. Kwa hiyo mashine ikikuweka mwisho wa mechi inakupa sabini na tano, alama nzuri kabisa. Ukilazimishwa kuanza, kama timu yenu inavyofanya, unashuka mpaka hapo ulipopaona.

Tena nikwambie lote, usije ukalisikia kwingine. Nilimweleza bosi wangu mapema kwamba mrushaji huyu ni mtoto wangu. Akasema basi apitiwe na watu wawili. Mwenzangu wa meza ya pili alikupa hamsini na tatu. Nilimuuliza ameona nini. Akasema hajaona, ila amenionea haya. Nikazishusha.

Kunywa maji ya kutosha.

Mama yako

—

Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Natumaini nanyi ni hivyo hivyo.

Mpira wa tatu ninao. Unaujua. Ule wa kuzubaisha: mkono unakuja kwa kasi ile ile, mwili ule ule, lakini mpira unatoka taratibu, mpigaji anapiga hewa kabla haujafika. Nimeurusha msimu uliopita. Uliangalia mechi zangu zote, uliniambia mwenyewe. Kwa nini hujauandika?

Leo msaidizi wa kocha ameweka mchezo wenu ukutani, kwenye mkutano, mbele ya timu nzima. Kapanga warushaji wetu kwa alama zenu. Akasema ni mzaha tu. Lakini kocha hakucheka, alitazama ukuta muda mrefu.

Mama, mwenzako alinipa hamsini na tatu. Mgeni alinihurumia.

Mwanao

—

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tunashukuru tuko salama. Friji imepona na mwenyewe kaja kuichukua; sebule imekuwa kubwa mpaka naogopa.

Nimerudi kwenye mechi zako, zote, nikahakikisha, kwa sababu mtu anaweza kukosea hata kwa mwanawe. Mpira wa kuzubaisha umeurusha mara chache mno. Kila mara timu yenu ilikuwa mbele kwa mbali, au mpigaji alikuwa yule mdogo wa mwisho ambaye hata akiupiga haufiki popote. Besi zikiwa na watu, wapinzani wakikaribia kupata pointi, hujaurusha hata mara moja. Trekta anauomba, anaonyesha vidole, nawe unatikisa kichwa. Nakuona. Kamera iko nyuma yake.

Mpira unaourusha pasipo na hatari si silaha, ni hereni. Hereni nzuri, lakini mchezo wetu hauna sehemu ya kuandika hereni.

Unasema mgeni alikuhurumia. Kweli. Angekuacha na alama ambazo ungeziamini, ukaja kupigwa mbele ya watu bila kujua kwa nini. Mimi siwezi. Nilikufundisha kugawanya kwa maharage ya jikoni, na ulipokosea nilikwambia umekosea, na hukufa.

Siku utakapourusha wakati unaogopa, nitauandika siku hiyo hiyo.

Mama yako

—

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Najua uko mzima kwa sababu nakuona kwenye skrini, na baba yako anapata habari zako kwa dada yako, ambaye unamwandikia. Hilo si lawama. Ni taarifa tu.

Nimeona mechi ile ya Jumamosi. Nimeona kilichotokea awamu ya sita, walipokuja mara ya tatu. Nimeona kocha akipanda kilimani, pale unaporushia, kuuchukua mpira mkononi mwako, nawe ukampa bila kumtazama. Na jana nimeona wamekuweka kwenye benchi la warushaji wa kumalizia.

Baba yako alizima skrini akasema nikuandikie nikubembeleze. Nimekaa hapa tangu alipotoka kwenda kazini. Najaribu kubembeleza, na kila ninachoandika kinatoka kama ripoti. Kwa hiyo nakuambia hivi: bega lako lilikuwa sawa, na ule wa kasi ulikuwa na kasi yake mpaka mwisho. Hukuchoka. Walikuwa wamekujua tu. Mtu aliyechoka hana dawa. Mtu aliyejulikana anayo.

Kula vizuri.

Mama yako

—

Tarehe 15 Juni

Shikamoo Mama,

Najua nimechelewa. Salamu zako zote nilizipata kwa dada, pamoja na ile soksi ya goti uliyonunua kwa ajili yako ukaona inanifaa mimi. Naivaa kiwikoni. Baba naye nisalimie, mwambie friji ya kambini inavuja na hapa hakuna fundi wa maana.

Nilikuwa nimekasirika. Kwanza nilikukasirikia wewe, halafu kocha, halafu msaidizi wa kocha na ukuta wake. Walipoisha wote nikabaki mimi.

Benchi la wamaliziaji liko mbali, kule pembeni ya uzio. Unakaa humo mechi nzima unangoja kuitwa. Unakuwa na muda mwingi kuliko unavyohitaji. Siku moja Trekta alikuwa ameumia kidole hachezi, akaja kukaa na mimi. Akaniuliza kwa nini kila akiomba ule wa kuzubaisha nakataa. Nikamwambia hauniendi vizuri. Akasema, "Wewe unauonea aibu."

Mama, nilitaka kumrushia glavu. Lakini alikuwa amesema kweli. Mtu akiupiga ule wa kasi, watu wanasema mpigaji ana nguvu. Mtu akiupiga ule wa polepole, ukaruka ukaenda zake, watu wanakucheka wewe uliyeurusha. Wanasema, alimpelekea kwenye sahani. Tangu nikiwa mdogo watu walikuja kuniona kwa sababu ya kasi. Nikawa naona kurusha taratibu ni kama kuomba msamaha.

Basi tukaanza. Kila asubuhi kabla wengine hawajaamka, mimi na Trekta na ndoo ya mipira. Tatizo lilikuwa vidole. Nilikuwa naushika kwa ncha za vidole, nikitaka upungue kasi natumia mkono kuuzuia, na mpigaji anaona mkono umepungua. Trekta akanifundisha kuuzamisha mpaka kwenye kiganja, kidole gumba na cha shahada vimefanya duara pembeni, halafu rusha kwa hasira zako zote. Kiganja chenyewe kinaula mwendo. Siku za kwanza mipira ilikuwa inatua kila mahali isipokuwa kwenye glavu. Mmoja ulivunja taa ya chumba cha kocha. Hakuuliza ni nani, alijua.

Sasa unakwenda. Sijaurusha kwenye hatari bado, kwa hiyo usiandike chochote. Nimekueleza tu.

Mwanao

—

Tarehe 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Nimemsomea baba yako barua yako kwa sauti. Alipofika mtu wa kuleta pasi mbovu, alimwambia asubiri nje kwanza.

Sijaandika chochote. Ila nimeamka asubuhi nikachukua chungwa, nikalizamisha kiganjani jinsi ulivyoeleza, nikafanya duara. Kweli vidole havina pa kushika. Nimelirusha ukutani kwa hasira zangu zote na limekwenda kama mtu aliyetumwa asikotaka. Nimefurahi sana. Ukuta nitaufuta.

Mwambie Trekta mama yako anamsalimia. Usimwambie nafanya kazi gani.

Mama yako

—

Tarehe 25 Agosti

Shikamoo Mama,

Hujambo wewe na Baba? Mimi sijambo kuliko sijambo. Umeona, najua umeona, lakini acha nijisifu kidogo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwenzetu wa kuanza aliumia bega mwezi uliopita, kocha akanirudisha. Mechi ya kwanza, awamu ya tano, besi mbili zina watu, mpigaji ananijua vizuri. Trekta akaomba ule wa kasi. Nikamkatalia. Akaelewa, na nikaona meno yake yote kupitia wavu wa kofia. Nikaurusha wa kuzubaisha. Mpigaji alizunguka mpaka akakaa chini. Mama, alikaa chini kabisa, gongo likaenda upande wake peke yake.

Tangu hapo tumeshinda nne katika tano nilizoanza. Na sasa ndiyo nafika ninapokwenda.

Wapigaji wa timu nyingine nao wanaucheza mchezo wenu. Wanausoma kama kitabu cha mitihani. Juzi mmoja aliyekuwa besi ya kwanza aliniambia kwa mdomo wake: "Mchezo unasema una mipira miwili, huu umetoa wapi?" Unaona? Arobaini na saba zako zimekuwa maficho yangu. Hakuna anayeungoja.

Najua toleo la marekebisho linatoka mwezi ujao, kabla ya fainali. Mama, niache hapo hapo. Usinipandishe. Iache safu tupu mpaka fainali ipite, halafu uandike unavyotaka. Mwezi wa tatu nilitaka kupanda ukanikatalia. Sasa nataka kubaki chini, itakugharimu nini?

Hii ni kazi yangu, Mama. Nikishinda fainali hii hakuna atakayenirudisha benchi la uzioni.

Mwanao

—

Tarehe 28 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ingawa baba yako amejikata kidole kwenye kopo la rangi na anakibeba kama nishani.

Nimeuona ule wa awamu ya tano. Niliuandika siku ile ile, kama nilivyokuahidi. Upo kwenye mashine yangu kwa alama sitini na sita, na utatoka na wengine wote tarehe ya toleo.

Sikiliza kabla hujakunja uso. Ningeficha mpira wako, ningekuwa nimewafanyia nini wale warushaji wengine, ambao mama zao hawakai kwenye meza hii? Mmoja wao yuko timu mtakayokutana nayo. Amejifunza mpira mpya tangu Mei, nami nimeuandika. Kila mpigaji wenu atausoma. Niuandike wa kwake niufiche wako?

Hilo ni la kwanza. La pili ni la hesabu, nalo nataka ulisome polepole. Nimekuweka kwenye mashine na mipira miwili, nikaichezesha misimu mingi. Halafu nikakuweka na mitatu, nikaichezesha misimu ile ile. Ule wa kasi sikuuongezea hata alama moja. Lakini ulianza kupigwa kidogo zaidi. Kila msimu. Mpigaji akijua kuna wa polepole anachelewesha gongo kidogo, na wakati anachelewesha, wa kasi unampita. Alama zako za kuanza mechi zimetoka arobaini na saba zikafika sabini na moja, na sehemu kubwa haikutoka kwenye mpira wa tatu wenyewe. Imetoka kwenye ile miwili ya zamani.

Mpira uliofichwa unakusaidia mara moja, siku ile wasipoutarajia. Ukijulikana unakusaidia kila siku.

Najua utasema mashine haina tumbo la kuogopa. Kweli haina. Ndiyo maana fainali utaicheza wewe.

Mama yako

—

Tarehe 29 Agosti

Shikamoo Mama. Natumaini kidole cha Baba kimepona.

Nimekuelewa. Sijakubali.

Mwanao

—

Tarehe 1 Oktoba

Shikamoo Mama,

Hujambo? Nilikupigia simu dakika ile ile mechi ilipoisha, lakini kwenye simu hakuna kilichosikika, wewe unasema "nini?" na mimi nasema "nini?" Kulikuwa na kelele nyingi upande wako, ukaniambia ni redio ya jirani. Kwa hiyo nakaa sasa nikusimulie vizuri, kwa utulivu. Trekta amelala juu ya kitanda na viatu vyake, bila kukoroma kwa mara ya kwanza, nadhani kwa heshima ya siku.

Ulikuwa sahihi, na nitalisema mara moja tu.

Toleo lenu lilikuwa limetoka. Walikuja wote wanajua. Mpigaji wa kwanza aliingia amesimama nyuma kidogo, mguu mzito, unaona kabisa anaungoja wa polepole. Trekta akaomba wa kasi. Ulipita kabla hajaamua. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Awamu tatu nzima walikuwa kama watu wanaosubiri gari huku wamekaa upande usio wa kituo. Nikaanza kuona raha.

Awamu ya nne akaja yule mkubwa wao, wanayemwita Nyundo. Nikampelekea wa kuzubaisha. Alikuwa amekaa anaungoja huo huo, Mama, kama mtu aliyeweka miadi. Akaupeleka nje ya uwanja, juu ya bango la matangazo, sijui umeanguka wapi. Uwanja mzima ulinicheka. Ndivyo nilivyosikia mimi. Tukabaki mbele, mbili kwa moja.

Awamu ya saba ndiyo ilikuwa penyewe. Mmoja alipata besi kwa bahati, mwingine nikampa mwenyewe kwa kukosa shabaha, wa tatu mpira uliruka glavuni kwa mwenzetu. Besi zimejaa, wawili wao wameshatoka, bado mmoja awamu iishe. Na anayekuja ni Nyundo. Kocha alipanda kilimani. Nilimwambia niko sawa, akashuka.

Sikuogopa hata kidogo. Mimi na Trekta tulikuwa na wazo moja tangu mwanzo. Nilianza na miwili ya kasi, mmoja akaugonga pembeni. Halafu nikamrushia ule ule aliokuwa ameupeleka juu ya bango. Alijua unaweza kuja. Safari hii niliuzamisha chini zaidi, kwenye magoti yake, na gongo likafika mapema kwa unywele mmoja. Mpira ukagonga ardhi, ukaja ukijikokota mpaka miguuni kwangu kama paka wa nyumbani. Nikauokota, nikautuma besi ya kwanza. Akatoka.

Awamu mbili za mwisho alizimaliza mwenzangu wa benchi la uzioni. Mimi nilikaa nimejifunika taulo kichwani, sikuweza kutazama. Kocha amesema msimu ujao mechi ya ufunguzi ni yangu.

Laiti ungekuwepo. Najua kwenye skrini unaona zaidi.

Msalimie Baba sana.

Mwanao

—

Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba kwa sababu nimepanda ngazi nyingi wiki hii. Nitakwambia ni zipi.

Hakukuwa na redio ya jirani.

Baba yako alikuja nyumbani Alhamisi na tiketi mbili. Nikamwambia mimi huangalia kwenye skrini, kule uwanjani sitaona kiganja. Akasema, "Kiganja umekiangalia mwaka mzima. Twende tukamwangalie mtoto." Hatukukuambia kwa sababu ungetutafuta kwa macho. Tulikaa juu kabisa upande wa besi ya tatu, katikati ya mashabiki wa Nyundo, kwa kuwa ndizo tiketi zilizobaki. Mzee mmoja kando yangu alikuwa na mchezo wetu kwenye simu, anamsomea mkewe kila mrushaji. Alipofika kwako akasoma: "Huyu ana mitatu." Nilikaa na mikono yangu chini ya mapaja.

Sasa nirekebishe habari yako, maana umeisimulia vizuri lakini umeacha mambo.

Unasema uwanja mzima ulicheka awamu ya nne. Hawakucheka. Walimshangilia wao, ni tofauti. Baba yako ndiye aliyesimama akamwambia mwamuzi maneno ambayo sitayaandika. Watu wa pale walitugawia karanga ili akae.

Unasema hukuogopa. Awamu ya saba uliinama ukafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa. Ukaifungua ukaifunga upya. Kule kwenye skrini wangekuwa wanaonyesha marudio na nisingeliona hilo kamwe.

Na unasema wewe na Trekta mlikuwa na wazo moja. Mwanangu, alikuomba wa kasi. Ukakataa. Akakuomba ule unaokata. Ukakataa. Akasimama, akakutazama, akarudi chini, akaomba wa kasi tena. Ukakataa. Yule mzee kando yangu akamwambia mkewe, "Wa polepole hathubutu, ameshapigwa nao." Mimi nikajua unakuja. Nikajua hivyo kabla ya Trekta. Baba yako alinishika mkono kwa nguvu mpaka leo pete inanibana.

Ulipomtoa, mzee yule aliangalia simu yake kisha akaangalia uwanja, kama mtu anayelinganisha chenji. Baba yako akashindwa kuvumilia. Akamwambia, "Huyo ni wetu." Mzee akatupa mkono wa hongera, akauliza tumekuja kutoka wapi, na mkewe akanipa leso, nikashangaa ya nini.

Mechi ilipoisha tulishuka mpaka kwenye uzio wa wachezaji. Mlikuwa mmerukiana kama watoto. Nilitaka kukuita. Halafu nikakuona umejitenga, umegeuza mgongo, kidole kimoja sikioni, simu kwenye sikio la pili. Na mkoba wangu ukaanza kulia. Ungegeuka tu ungeniona. Nikapokea. Ulisema, "Mama, tumeshinda," halafu mabega yako yakaanza kutikisika. Nikakuuliza una nini. Ukasema, "Nacheka, Mama."

Nilikuwa nakutazama. Nikakuambia, "Cheka, mwanangu."

Mama yako